Fedha za Wachangiaji ni Deni, si Faida

Wahenga walituachia neno fupi: ahadi ni deni. Tumelizoea mno neno hili hata wengi wetu tunalitamka kwa ulimi tu, bila ya kupima uzito wake. Tunalirejea leo kwa sababu umefunguka mlango mpya wa kuahidi, ambao kwao mtu mmoja huweza kutoa ahadi ile ile kwa watu elfu moja, wasiomjua naye asiowajua, na wote wakamlipa kabla hajatengeneza chochote.

Tunakusudia uchangishaji wa umma kwa njia ya intaneti, na hasa ule unaoendeshwa na wabunifu wa michezo ya mezani, yaani michezo ya ubao, kete na karata, ambao hutaka kuichapisha wenyewe bila ya kupitia kampuni kubwa. Hatuzungumzii hapa hukumu ya mchezo huu au ule. Hayo wanavyuoni wameyaeleza mahali pake. Maneno yetu ni juu ya fedha: zinaombwaje, zinapokewaje, na ni nani anayewajibika zinapopotea. Na yatakayosemwa yanamhusu kila mchangishaji, awe anachangisha kwa ajili ya mchezo, kitabu au kisima.

Mlango ulivyofunguka

Jukwaa mashuhuri kuliko yote katika uwanja huu, Kickstarter, lilianzishwa nchini Marekani mwaka 2009. Utaratibu wake ni huu: mbunifu hutaja kiasi cha fedha anachokihitaji na siku ya mwisho, nayo haizidi siku 60 tangu kuanza. Lengo lisipofikiwa, hakuna mchangiaji anayekatwa hata senti moja. Likifikiwa, wote hukatwa, jukwaa likachukua asilimia 5, na wapitishaji wa malipo wakachukua fungu lao.

Hatukatai kwamba mna kheri katika jambo hili. Mbunifu asiye na mtaji wala jamaa tajiri ameweza kuufikia umma moja kwa moja. Mwaka 2012 mchezo uitwao Viticulture ulichangiwa dola 65,980, na kutokana na mwanzo huo ikasimama kampuni ya Stonemaier Games ambayo leo inajulikana na kila apendaye michezo hiyo. Mwaka 2015 mchezo wa karata wa Exploding Kittens ulichangiwa na watu 219,382 kwa zaidi ya dola milioni 8.7. Mwaka 2020 Frosthaven ulikaribia dola milioni 13.

Lakini hizo ni habari za waliofika salama. Hebu tuitazame na habari ya chombo kilichozama.

Mwaka huo huo wa 2012 uliombewa mchango mchezo uitwao The Doom That Came to Atlantic City. Lengo lilikuwa dola 35,000. Zikapatikana zaidi ya dola 122,000 kutoka kwa watu 1,246. Mwaka 2013, baada ya miezi kadhaa ya kutakiwa subira, wachangiaji wakaambiwa kwamba mradi umekufa. Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani ikaliingilia jambo hilo na mwaka 2015 ikatangaza kesi yake ya kwanza kabisa kuhusu uchangishaji wa aina hii. Kwa mujibu wa mashtaka ya Tume, sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye kodi ya nyumba, gharama za kuhama na mambo mengine yasiyohusiana na mchezo. Iliamriwa zilipwe dola zaidi ya 111,000, lakini amri hiyo ikasimamishwa kwa kuwa mdaiwa hakuwa na uwezo wa kulipa. Wachangiaji walipata nakala zao kwa sababu tu kampuni nyingine, Cryptozoic Entertainment, iliuchukua mchezo ule na kuwapelekea bila ya malipo. Ilikuwa bahati yao. Wengi waliopatwa na mfano wa hayo hawakuipata.

Kila upande na dhana yake

Je, fedha hizi ni nini hasa? Hapa ndipo penye chimbuko la balaa. Aliyetoa dola 40 anaamini kwamba amenunua mchezo. Aliyepokea anaamini kwamba amesaidiwa. Na jukwaa, tangu mwaka 2012, limetangaza wazi kwamba lenyewe si duka. Basi inapofika siku ya mashaka, mnunuzi anadai haki yake, msaidiwa anaomba radhi, na jukwaa linanyoosha kidole kwenye masharti yake.

Mafakihi wetu walilitazama jambo la kulipa kabla ya kupokea karne nyingi kabla ya kompyuta. Waliruhusu biashara ya salam, ambayo ndani yake bei hulipwa yote papo hapo na bidhaa huletwa baadaye. Lakini walishurutisha kwamba aina, sifa, kiasi na muda wa kuletwa vijulikane. Wakazungumza pia juu ya istisnai, yaani mtu kuagiza kitu atengenezewe. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqarah, inahusu kuyaandika madeni yenye muda. Hekima ya yote hayo ni moja: asiachiwe yeyote kujichagulia maana ya mapatano baada ya fedha kushikwa.

Hatudai kwamba kila uchangishaji wa leo unaingia sawasawa katika mlango wa salam. Tunachosema ni kwamba aliyetangaza sifa za kitu, akataja bei yake na mwezi wa kukifikisha, amekwisha jitwisha deni. Aliite mchango, aliite zawadi, jina halilibadilishi.

Hesabu kabla ya kuomba

Ni dhahiri kwamba si kila anayeshindwa ni mwizi. Mwaka 2015 mtafiti Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alikadiria kwamba miradi kama asilimia 9 ya Kickstarter ilishindwa kufikisha ilichoahidi. Utafiti wake wa mwaka 2014 ulikuwa umeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 75 ya miradi ya bidhaa na teknolojia ilichelewa. Wengi wa hawa hawakuiba, hawakuhesabu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Watu 500 wametoa dola 40 kila mmoja. Zimepatikana dola 20,000, na mbunifu analala usingizi wa tajiri. Jukwaa linachukua dola 1,000. Wapitishaji wa malipo, kwa asilimia 3 na senti 20 kwa kila mchango, wanachukua 700. Zimebaki 18,300. Viwanda vingi, na vingi vyao viko China, havipokei kazi iliyo chini ya nakala 500 au 1,000. Basi tuseme amechapisha nakala 1,000 kwa dola 8 kila moja: 8,000. Mchoraji 4,000. Meli na forodha 2,000. Kumfikishia kila mchangiaji kifurushi chake kwa dola 10: 5,000. Jumla ni 19,000. Mtu huyu aliyeshangiliwa na umati anadaiwa dola 700, na nakala 500 ziko ghalani zikila kodi.

Na hapo hakujatokea msiba wowote. Mwaka 2021 nauli za makontena zilipanda mara kadhaa, na waliokuwa wamekwisha pokea fedha kwa bei ya zamani wakajikuta hawana cha kupakilia mzigo. Mwezi Aprili 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa za China hadi asilimia 145, kisha Mei ikaushusha hadi 30. Katika wiki hizo wachapishaji wengine waliiacha mizigo yao China kwa kushindwa kuitoa.

Wapo pia wanaojitafutia msiba kwa mikono yao. Kampeni inapopamba moto, hutangazwa malengo ya nyongeza: tukifika kiasi fulani tutaongeza karata, tukizidi tutaongeza sanamu. Umati hufurahi. Lakini kila kete iliyoongezwa ni uzito, na uzito ni nauli, kwa kila kifurushi. Kwa hiyo fedha nyingi si salama kuliko fedha chache. Aliyekosa kulifikia lengo amerudi nyumbani hana kitu, lakini hadaiwi na mtu. Aliyelizidi mara tatu bila ya hesabu, ameelemewa na deni mara tatu.

Nasaha yetu

Kwa anayechangisha, tunanasihi mambo manne. Kwanza, asiombe kabla mchezo haujakamilika na kujaribiwa na watu wasiomjua, kwani rafiki huficha kasoro. Pili, awe na barua ya bei kutoka kiwandani na kwa msafirishaji, wala asitegemee makisio ya kichwani. Tatu, atenge akiba ya dharura, na fedha hizo azihifadhi mbali na fedha za matumizi ya nyumbani. Wengi walioanguka hawakukusudia kudhulumu. Walikopa kidogo mwezi huu wakitaraji kurudisha mwezi ujao. Nne, aseme ukweli mapema. Mchangiaji husamehe ucheleweshaji, lakini ni vigumu kusamehe kunyamaziwa.

Kwa anayetoa, tunasema: usitoe ambacho huwezi kukikosa. Uliza sampuli iko wapi, nani atachapisha, na mwombaji amewahi kutimiza nini. Kuuliza si utovu wa adabu. Katika michango yetu ya harusi na ya msikiti tunataka kamati isome hesabu mbele ya watu. Kwa nini tuone haya kumtaka hesabu mtu tusiyemjua hata sura?

Na tunawakumbusha wote wawili kwamba kinachopotea mradi unapoanguka si dola 40 peke yake. Hupotea pia imani ya mtu yule kwa mwombaji mwingine atakayekuja kesho, mkweli, mwenye kazi nzuri na hesabu safi, akaukuta mlango umefungwa. Huyo ndiye anayedhulumiwa zaidi, naye hakushika hata senti.

Wabillahi tawfiq.