Ulinzi wa volkano usingoje mfadhili

Dagaa wa Ziwa Victoria wanaopakiwa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, wengi wao huishia kuliwa mashariki ya Kongo. Mlima Nyiragongo unapotapika moto juu ya Goma, Mwanza haiwezi kusema hayo ni ya majirani. Upande wa mashariki, zaidi ya kilomita 300 kutoka jijini, uko Ol Doinyo Lengai, volkano hai iliyo ndani ya mipaka yetu. Jiji lenyewe limekaa katikati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, juu ya miamba ya itale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hakuna volkano itakayochomoza Capri Point. Pengine ndiyo maana hapa kwetu ni nadra mtu kuuliza milima hiyo inaangaliwa na nani, na kwa fedha za nani.

Namna ya kuiangalia inajulikana. Magma ikipanda hupasua miamba, na kila mpasuko ni tetemeko dogo ambalo binadamu halisikii lakini kipimamitetemo hulinasa. Ardhi nayo hufura, wakati mwingine kwa milimita chache tu. Vipokezi vya GPS vilivyosimikwa mlimani hupima kufura huko, na setelaiti zenye rada hulinganisha sura ya ardhi kila zinapopita. Gesi ya salfa dioksaidi ikizidi, ni dalili kwamba magma mpya inakaribia. Hakuna kipimo kimoja kinachojitosheleza, na vyote ni bure kama hakuna rekodi za miaka mingi zinazoonyesha mlima huo ukiwa mtulivu hukaaje.

Lengai yenyewe ilitupa somo. Julai 2007 matetemeko mfululizo yalitikisa eneo la mlima Gelai, jirani yake, na kubwa lao lilifikia kipimo cha 5.9, hata Nairobi watu walitoka maofisini wakikimbilia nje. Picha za rada zilikuja kuonyesha kwamba magma ilikuwa imejipenyeza chini ya ardhi. Septemba mlima Lengai, ambao tangu 1983 ulikuwa ukimwaga lava yake nyepesi taratibu, ukaanza kurusha majivu, na uliendelea hadi 2008. Wafugaji walihama na mifugo yao. Maelezo kamili yalipatikana baadaye, katika majarida ya kitaalamu, wakati ambao hayakuwa na msaada tena kwa mtu wa Engaresero, kijiji kilicho chini ya mlima.

Anayepinga kuwekeza fedha huku ana hoja nzito, nayo iko Goma. Mji ule una kituo chake cha kuchunguza volkano. Hata hivyo, jioni ya Mei 22, 2021, Nyiragongo ulipasuka ubavuni na lava ikafika viunga vya mji bila tahadhari yoyote kutolewa. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Ufadhili wa Benki ya Dunia kwa kituo hicho ulikuwa umekwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa takwimu za mlimani hazikufika kwa wataalamu kwa sababu intaneti haikulipiwa. Utafiti uliochapishwa 2022 ulikuta jambo gumu zaidi: ziwa la lava lilikuwa tayari juu kileleni, hivyo ukuta wa mlima ulipopasuka hapakuwa na dalili za kueleweka mapema, hata kwa mwenye vipimo vinavyofanya kazi.

Je, basi vipimo ni anasa? Nasema hapana, na sababu yangu ni siku zilizofuata. Matetemeko na picha za rada zilionyesha magma ikisafiri chini ya Goma kuelekea Ziwa Kivu, lenye gesi nyingi ya methani na kaboni dioksaidi vilindini. Mei 27 serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihame, na watu wapatao 400,000 wakaondoka. Mlipuko wa pili haukutokea. Usumbufu ulikuwa mkubwa mno, lakini uamuzi ulifanywa kwa ushahidi, na ningependa kuona viongozi wetu wakiwa na ushahidi wa namna hiyo mkononi siku wakiuhitaji.

Tanzania haianzii sifuri. Tangu 2016 Chuo Kikuu Ardhi, kwa kushirikiana na Virginia Tech ya Marekani, kina mtandao wa vipokezi kuzunguka Lengai, na mwaka 2022 vilinasa ardhi ikiinuka kwa kasi kwa miezi kadhaa. Kazi hiyo ni ya kujivunia. Lakini ni kazi ya utafiti, na utafiti huishi kwa fedha za mradi. Mvuvi wa Ukerewe anapopata utabiri wa upepo na mawimbi kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, haulizi kama mfadhili ameongeza mkataba. Betri ya kipokezi cha Lengai nayo inapaswa kubadilishwa kwa bajeti ya serikali, chini ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma.

Mwanza ina maslahi ya moja kwa moja. Kipimamitetemo hakichagui tetemeko: kile kinachosikiliza magma kinasikiliza pia tetemeko kama la Septemba 10, 2016, lililoua zaidi ya watu 15 Kagera na kusikika hadi huku, ambako nyumba za Igogo na Mabatini zimejengwa katikati ya majabali. Majivu nayo ni hatari kwa injini za ndege, na upepo wa mashariki huyasukuma kutoka Lengai kuelekea Serengeti na ziwani.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeunda kamati hadi ngazi ya kijiji. Kilichobaki ni kuziunganisha na vipimo, ijulikane nani anampigia nani simu saa nane ya usiku. Mahali pa kuanzia ni bajeti ijayo, na wabunge wa Kanda ya Ziwa wana sababu ya kuisukuma sawasawa na wenzao wa Arusha, mkoa ulio na Lengai.