Nairobi Haikuzaliwa na Reli

Wapo wasemao ya kwamba Nairobi haikuwa na historia kabla ya mwaka 1899, reli kutoka Mombasa ilipofika huko. Eti palikuwa na kinamasi kitupu, pasipo mtu wala jina. Maneno hayo yamekaririwa darasani miaka mingi, na mimi mwenyewe niliyafundisha hapa Myanga kabla sijayapima.

Tuyapime basi. Kama hapakuwa na mtu, ni nani aliyepapa jina? Nairobi ni neno la Kimaasai, enkare nairobi, yaani maji baridi. Jina haliji lenyewe. Hutolewa na mtu aliyefika, akanywa, akanywesha na ng'ombe wake. Wamaasai walichunga katika nyanda hizo, na Wakikuyu walilima kwenye vilima vya jirani.

Sikatai ya kwamba reli ilileta karakana na maduka, wala ya kwamba serikali ya kikoloni ilihamishia huko makao yake makuu kutoka Mombasa mwaka 1905. Lakini kujenga mji si kuumba nchi. Aiitaye ardhi tupu amekwisha kujitafutia ruhusa ya kuichukua. Mwaka 1904, kwa mkataba, Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa ili wapewe walowezi. Je, nayo yalikuwa matupu?

Enyi vijana, mkiulizwa Nairobi ilianza lini, andikeni kuwa 1899 ni mwaka wa stesheni. Kisha ongezeni mstari mmoja: maji yake yalikuwa yamekwisha kunywewa.