Kiti cha Mpelelezi Mkuu

Katika magazeti ya nchi yetu umo ukurasa ambao wanafunzi hawausomi, nao ni ukurasa wa matangazo ya kazi za serikali. Wewe, msomaji, huupita mbio ukizitafuta habari za mpira, wala sikulaumu. Hata mimi katika umri wako nilifanya vivyo hivyo. Lakini katika ukurasa huo, kwa herufi ndogo zisizovuta jicho, mambo makubwa huamuliwa kabla wananchi hawajayasema neno. Huandikwa kwamba anatakiwa mkuu wa upelelezi katika idara inayolinda wanyama, au misitu, au usafi wa maji na hewa. Kisha hutajwa sifa zake: shahada ya pili, miaka kadha wa kadha katika cheo kikubwa, cheti cha mwenendo mwema, na barua za wadhamini. Aghalabu utasoma mpaka mwisho usione swali moja ambalo lingestahili kuwa la kwanza: je, mtu huyu amewahi kumfuata mwizi mkubwa hatua kwa hatua mpaka mbele ya hakimu, na kesi yake ikasimama isianguke?

Ugomvi wangu leo ni juu ya swali hilo lisiloulizwa.

Tuanze na mwizi mwenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunamdhania siye. Ukisema uhalifu dhidi ya mazingira, mara fikira hutuonyesha mtu wa porini, mwenye viatu vilivyopasuka na bunduki kuukuu, anayemnyatia ndovu kichakani. Mtu huyo yupo, na dhambi yake ni ya kweli. Lakini mwezi wa Mei mwaka 2015, watu wa forodha wa Singapore walifungua makontena yaliyotoka Kenya yakielekea Vietnam, na ndani ya magunia ya majani ya chai wakakuta yapata tani 3.7 za pembe za ndovu. Tafakari, msomaji. Mtu wa viatu vilivyopasuka hana makontena. Hajui kuandika hati za shehena, hana wakala bandarini, hana akaunti benki ya kupokelea fedha za kigeni, wala hana rafiki mwenye cheo wa kumpigia simu usiku ili lori lisipekuliwe. Kuna aliyeinunua chai ile, aliyeifungasha, aliyeandika kwamba hamna ndani ila chai, na aliyegonga muhuri. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekanyaga majani ya mbugani.

Basi nani atawafuata watu wa namna hii? Hapo ndipo ninapoachana na rafiki yangu mmoja, mtu mzima mwenye busara, ambaye kila tukikutana hunijibu kwa neno moja: “Mpeni mwanajeshi.” Husema kwamba nchi hii imekwisha kuonja dawa hiyo na ikapona, na ushahidi wake ni mwaka 1989.

Sitaki kumdhulumu, kwa maana ushahidi wake una uzito. Mwaka 1973 ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa 167,000. Ilipofika mwaka 1989 walibaki yapata 16,000. Mwaka huo huo Rais Daniel arap Moi alimteua Richard Leakey kuiongoza idara ya wanyama wa pori, ambayo mwaka 1990 ikawa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Leakey hakuwa mwanajeshi, na hili rafiki yangu hulisahau kila mara. Alikuwa mchimbuzi wa mifupa ya kale na mkuu wa makumbusho ya taifa. Lakini aliwapa askari wa mbuga silaha nzuri na magari yanayokwenda, akawafukuza kazini wengi walioshukiwa, na amri ikatoka kwamba majangili wenye silaha wapigwe risasi. Mwezi wa Julai mwaka 1989 tani 12 za pembe zilichomwa moto jijini Nairobi mbele ya macho ya ulimwengu, na mwezi wa Oktoba mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu. Mauaji yakapungua sana. Hesabu ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280 nchini. Naam, nani atakayesema kwamba mtu yule hakufanya kazi?

Hata hivyo, yatazame mambo mawili ambayo rafiki yangu hayapendi. La kwanza ni kwamba Leakey aliteuliwa kwa neno la mtu mmoja, na uwezo wake wote ulining’inia kwenye uzi wa radhi ya mtu huyo. Mwaka 1994 akajiuzulu, katikati ya tuhuma za ufisadi na usimamizi mbaya alizozikanusha. Akarudishwa mwaka 1998, na mwaka uliofuata akaondolewa tena, akapewa cheo kingine kikubwa serikalini. Je, upelelezi wa mali ya nchi waweza kujengwa juu ya msingi unaohama namna hii? Kesi ya mwizi mkubwa huchukua miaka mingi. Mwizi akijua kwamba mpelelezi ataondoka kabla yake, hana haja hata ya kumhonga, atamngoja tu.

La pili ni kwamba bunduki ilimzuia mwenye bunduki, lakini haikumgusa mwenye kalamu. Baada ya mwaka 2008 ujangili ulirudi kwa nguvu, na safari hii ulipitia bandarini. Shirika la WildlifeDirect lilipochunguza kesi za mahakama zetu za miaka ya 2008 hadi 2013, liliona kwamba katika waliopatikana na hatia ya makosa juu ya ndovu na vifaru, asilimia 4 tu ndio waliofungwa jela. Bunge likatunga sheria mpya mwaka 2013, kali kama upanga: faini isiyopungua shilingi milioni ishirini, au kifungo cha maisha, kwa makosa juu ya wanyama walio hatarini kutoweka. Watu wakashangilia. Lakini sheria kali ni sawa na kufuli kubwa juu ya mlango usio na bawaba. Na bawaba za kesi ni ushahidi.

Mfano wake tuliuona Mombasa. Mwezi wa Juni mwaka 2014 zilikamatwa katika mji huo zaidi ya tani mbili za pembe. Mtu mmoja aliyeshtakiwa alikamatwa Dar es Salaam mwezi wa Desemba mwaka huo, akarudishwa, na mwezi wa Julai mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha miaka 20 na faini ya shilingi milioni 20. Magazeti yakaandika kwamba enzi mpya imeanza. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikasikiliza rufani yake, ikaona kwamba ushahidi ulioletwa hautoshi kumtia hatiani, ikamwachilia huru. Usimlaumu jaji, msomaji, wala usimwite mwizi mtu ambaye mahakama imemwachilia. Mahakama ilifanya wajibu wake. Swali letu lielekee upande mwingine: kama si yeye, tani mbili zile zilikuwa za nani? Pembe zile hazikujiendea kwa miguu zikajipanga ndani ya ghala. Yuko mwenyewe, na upelelezi wetu haukumfikia.

Sasa vuka mpaka uingie Tanzania. Ndovu wa huko walikuwa 109,051 mwaka 2009. Mwaka 2014 walihesabiwa 43,330. Ni msiba mkubwa kuliko wetu. Lakini kikosi maalumu cha upelelezi wa makosa makubwa kilimwandama mama mmoja wa Kichina aitwaye Yang Fenglan, aliyekuja nchini humo zamani za ujenzi wa reli ya TAZARA akiwa mkalimani wa Kiswahili, kisha akawa mfanyabiashara mwenye mkahawa Dar es Salaam, mtu wa kuheshimiwa katika majumba ya watu wakubwa. Alikamatwa mwaka 2015, na mwezi wa Februari mwaka 2019 akahukumiwa miaka 15 pamoja na Watanzania wawili. Wapelelezi waliotazama porini peke yake wasingemwona kamwe. Alionekana na watu waliouliza nani humpa nani fedha, na kwa nini.

Rafiki yangu, nikifika hapa, hubadili hoja. Husema, “Vema, basi mpeni mtaalamu wa wanyama.” Nami namheshimu mtaalamu wa wanyama kama ninavyomheshimu daktari; lakini duka la dawa likivunjwa usiku, hatumwiti daktari atafute alama za vidole. Tena, si kila uhalifu huu una mnyama ndani yake.

Lugha yetu ina neno moja lenye maana mbili za kutisha: risasi. Yaweza kuwa ile itokayo katika mtutu wa bunduki, na yaweza kuwa madini yenyewe, ambayo mtu huyavuta puani asijue. Katika kijiji cha Owino Uhuru, pembezoni mwa Mombasa, palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari tangu mwaka 2007. Moshi na maji machafu yake yaliingiza risasi katika damu ya watoto. Hakupigwa mtu, hakukuvunjwa mlango, wala hakukusikika mlio. Aliyeinua sauti hakuwa ofisa wa serikali. Alikuwa mama mmoja, Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, ambaye mwanawe mwenyewe alipatikana na sumu hiyo mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, na miongoni mwa walioshtakiwa ilikuwamo mamlaka ya serikali iliyoundwa kuyalinda mazingira hayo hayo. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua amri hiyo, na mwezi wa Desemba mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu miaka hiyo kwa vidole vyako. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na umri wako, msomaji, siku hukumu ya mwisho iliposomwa.

Nauliza tena: wakati ule wote mpelelezi mkuu alikuwa wapi? Kazi hii kwetu imegawanywa. Wanyama wana shirika lao, misitu ina shirika lake, uchafu una mamlaka yake, na polisi wana idara yao ya upelelezi. Kila mmoja aweza kumwonyesha mwenzake kidole, na mwizi hupita katikati yao kama maji katika tenga. Ndiyo maana nasema kwamba anayekalia kiti hiki, popote kilipo, awe mtu awezaye kuwakutanisha mezani mtu wa forodha, mtu wa benki, mkemia wa serikali na mwendesha mashtaka, na awe na cheo cha kutosha hata asikatazwe kuuliza jambo na mtu mwenye gari refu.

Katiba yetu ya mwaka 2010 haikunyamaza. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na ibara ya 232 inataka utumishi wa umma ujazwe kwa ushindani wa haki na kwa ustahili. Wako watakaokuambia kwamba hayo ni maneno ya vitabuni, na kwamba kila jamii lazima ipate fungu lake la vyeo. Na lipatikane, kwani nchi ni ya wote, na katiba yenyewe yataka sura za watu wote zionekane serikalini. Lakini usinidanganye kwamba katika watu milioni hamsini hakuna jamii hata moja iliyozaa mpelelezi hodari. Wapo katika kila jamii. Kinachokosekana ni nia ya kuwatafuta, kwa sababu mpelelezi hodari ana kasoro moja kubwa machoni pa wanaomchagua: hajulikani atakayemkamata.

Wala uhalifu hautungoji tumalize mabishano. Mwezi wa Mei mwaka 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, wakiwamo vijana wawili wa Kibelgiji, kwa kukutwa na maelfu ya sisimizi hai ndani ya vijineli vyenye pamba, tayari kwa wanunuzi wa ng’ambo. Sisimizi! Mwanajeshi angemlenga nani hapo?

Kwa hiyo, kama ningeitwa kukaa miongoni mwa wale wanaowahoji watu wanaokitaka kiti hiki, nisingewauliza wanaipendaje nchi yao; kila mtu huipenda nchi yake mbele ya jopo. Ningefungua milango ili wananchi na waandishi wa magazeti wasikie. Ningetaka kila mmoja ataje kesi alizozipeleka mahakamani, ngapi zilisimama, ngapi zilianguka, na kwa nini zilianguka. Na mwenye kukiri kosa lake waziwazi ningemwekea alama. Mali yake ningetaka iandikwe siku hiyo, na iandikwe tena siku atakapoondoka. Muhula wake ningetaka uwe wa miaka inayojulikana, asiweze kuondolewa kati yake ila kwa kosa lililothibitishwa mbele ya watu. Kisha ningemwekea mezani karatasi za kontena moja la chai: hati ya shehena, ankara, risiti ya mizani na stakabadhi ya benki, pamoja na penseli na saa moja. Asiyeona cha kuuliza katika karatasi hizo, hata akiwa na nyota begani au shahada tatu ukutani, ashukuriwe kwa kuja, apewe nauli yake, na aitwe mwingine.