Wanafunzi wetu hawalali, na sisi tunawakemea



Jumapili moja hapa Nyangezi nilimkemea kijana aliyesinzia wakati wa mahubiri. Nilimtaja hata Eutiko wa Matendo 20, yule aliyeanguka toka dirishani, na watu wakacheka. Baada ya ibada mama yake alinijia taratibu: "Mchungaji, mtoto amefika asubuhi hii toka Bukavu. Umeme ulirudi saa saba za usiku, akasoma mpaka saa kumi na moja." Niliona haya. Nikikumbuka vizuri, Eutiko hakukemewa na mtu. Paulo, ambaye ndiye aliyeongea mpaka usiku wa manane, alishuka na kumkumbatia.

Tunapenda kusema vijana wa leo hawalali kwa sababu ya simu. Kuna ukweli ndani yake: mwanga wa simu unafukuza usingizi, na anayeangalia video kitandani hujikuta amefika saa nane. Lakini tukiishia hapo tunawaonea.

Angalieni umeme. Bukavu inategemea mitambo ya mto Ruzizi: Ruzizi ya kwanza, ya mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi ya pili, ya mwaka 1989, ambayo nguvu zake tunagawana na Rwanda na Burundi. Mji umekua mara nyingi kuliko mitambo hiyo. Kwa hiyo mitaa inapata umeme kwa zamu, na mara nyingi zamu inaangukia usiku. Ukirudi, nyumba nzima inaamka: huyu anachaji simu, yule anapiga pasi, na mwanafunzi anafungua kompyuta yake, maana hajui kesho itakuwaje. Katika chumba cha kupanga wanacholala watatu au wanne, mmoja akiwasha taa wote wameamka.

Halafu kuna hofu. Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa AFC/M23, na vita vikafuata barabara yetu ya kuelekea Kamanyola na Uvira, watu wengi wamejifunza kulala sikio likiwa wazi. Mbwa akibweka, mtu ameketi kitandani. Mwili uliozoea kungoja hatari haukubali kulala eti kwa sababu milio imenyamaza. Kijana wa namna hiyo hahitaji shauri la kulala mapema. Anahitaji mtu wa kumsikiliza, na pengine mganga.

Wataalamu wanasema kijana wa miaka 18 hadi 25 anahitaji saa saba hadi tisa za usingizi. Na wakati wa usingizi ndipo ubongo unapanga na kushika yale yaliyosomwa mchana. Anayekesha usiku wote kabla ya mtihani anaingia na silabi aliyoipitia yote, lakini kichwa kinakataa kumrudishia.

Sasa niseme juu yetu wachungaji. Mkesha wa Ijumaa, maombi ya alfajiri, mazoezi ya kwaya usiku: ni nani tunayemtuma kwanza? Ni hao hao vijana. Nami nimewahi kuhubiri kwamba anayelala sana hana bidii ya kiroho. Lakini Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, malaika alimpa chakula, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, ndipo safari ikaendelea. Hakuna mahali alipoambiwa afunge na kukesha kwanza.

Baraza la wazee limekubali mambo mawili kwa majira haya ya mitihani. Mkesha wa Ijumaa utaisha saa tatu za usiku. Na betri ya paneli za jua, ile ya vyombo vya kwaya, itawasha taa kanisani toka saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili, ili wanafunzi waliorudi nyumbani kujitayarisha wasome mapema, kisha wakalale. Ndugu wachungaji wa Panzi na Kadutu, kwenu ndiko wengi wanakopanga vyumba. Mkiwa na betri, tunawaomba mfanye vivyo hivyo.

Kwaya imenung'unika, maana Jumapili gitaa linaweza kukosa nguvu. Tumewaambia wataimba na ngoma.