Mkakasi wa Misuli

Wapo wasemao kwamba Arnold Schwarzenegger ndiye aliyewafundisha walimwengu kuitunza miili yao. Usemi huu umekaririwa mno hata ukawa kama kweli isiyodai shahidi. Haifai kuukanusha wote, kwani haki ya mtu ni haki yake hata akiwa bingwa wa kujisifu. Alizaliwa Thal, Austria, mwaka 1947, akahamia Marekani mwaka 1968, akatwaa taji la Mr. Olympia mara 7: mfululizo toka 1970 hadi 1975, kisha tena 1980. Kabla ya filamu ya Pumping Iron kutoka mwaka 1977, walimu wengi wa michezo walishikilia kuwa kunyanyua vyuma humfanya mtu awe mkavu na mzito kama gogo. Baada yake, vyuma vilitoka vichochoroni vikaingia katika kumbi za watu wa kila namna. Hata huku pwani, vijana waliozitazama filamu zake katika vibanda vya video walimimina saruji makoponi, wakachomeka bomba la chuma katikati, wakaanza kunyanyua. Hilo ni jema, na lisifiwe.

Ila kuutunza mwili ni jambo moja, na kuutunisha ni jambo jingine. Shindano lililompa jina halipimi mzigo ulioinuliwa wala masafa yaliyokimbiwa. Majaji hutazama tu, na mshindi ni yule atazamikaye. Kipimo hicho cha jukwaani ndicho kilichoshuka hadi kwenye kumbi za mazoezi za watu wa kawaida, kioo kikashika nafasi ya mwalimu. Kijana hajiulizi tena ana nguvu kiasi gani; huuliza anaonekanaje. Jibu lisipompendeza, njia ya mkato iko tayari. Schwarzenegger mwenyewe amekiri kuwa alitumia steroidi enzi zake, kabla sheria ya Marekani ya mwaka 1990 haijazidhibiti. Dawa hizo zaweza kuudhuru moyo na ini, na kuharibu uzazi wa mwanamume. Baadaye amewaonya vijana, na mwaka 2015 alilalamika hadharani kuwa majaji wanawatuza wenye matumbo yaliyofura. Lalamiko ni la haki. Lakini aliyepanda mbegu ya ukubwa ashangae nini akivuna matumbo?

Na liko zito zaidi. Shindano la 1975, lile lionekanalo katika Pumping Iron, lilifanyika Pretoria, makao ya serikali ya makaburu. Wakati huo Afrika Kusini ilikuwa imekwisha kufukuzwa katika harakati za Olimpiki tangu mwaka 1970. Mabingwa wa misuli walikwenda, wakajipaka mafuta, wakapigiwa makofi. Mwaka uliofuata, Tanzania na nchi nyingi za Afrika ziliisusia michezo ya Montreal, kwa kuwa New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilizuru Afrika Kusini. Filbert Bayi alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Nchi yake haikwenda, naye hakukimbia. Mwili ule mwembamba haukuonekana Montreal, na kutoonekana kwake kukasema neno. Ile iliyotuna Pretoria ilisema nini? Basi na ijulikane ni upi uliobeba mzigo.

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kuchorewa ramani katika hili. Wanazijua beti ambazo vina vimetuna, mizani imekaza, na maana imekonda hata mbavu zahesabika. Vina na mizani havina kosa, kama misuli isivyo na kosa. Shirika la Afya Duniani lenyewe linawashauri watu wazima waimarishe misuli angalau siku 2 kwa wiki. Halikumshauri mtu yeyote ashindane na sanamu. Shairi hutungwa libebe jambo, na mwili hujengwa ubebe maisha: ndoo ya maji, mtoto, mzee asiyeweza kuinuka kitandani peke yake.

Vijana wanyanyue vyuma, tena kwa bidii. Lakini wakimaliza, wakipe kioo mgongo, watafute cha kubeba. Uzuri wa mkakasi, walisema wahenga, ndani kipande cha mti.