Tusibishane juu ya polisi bila hesabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nichangie mjadala unaosikika vijiweni, ndani ya mabasi na hata misibani hapa Dodoma. Je, mashambulizi dhidi ya askari polisi yanaongezeka au hayaongezeki?

Ninayo sababu ya kuuliza. Mwanangu ni askari polisi. Aprili 13, 2017, askari wanane walipouawa kwa risasi huko Kibiti, yeye alikuwa kazini katika mkoa huo huo wa Pwani. Usiku ule simu yake haikupatikana, na mama yake alikaa uani hadi alfajiri. Mzazi aliyekesha hivyo hawezi kuuona mjadala huu kuwa ni wa kupitisha wakati.

Wanaosema mashambulizi yanaongezeka hutaja matukio, na ni kweli matukio yapo. Septemba 2014 kituo cha polisi cha Ushirombo, wilayani Bukombe, kilivamiwa na askari wawili wakauawa. Januari 2015 wawili wengine waliuawa Ikwiriri. Julai mwaka huo huo kituo cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa, watu saba wakapoteza maisha, wanne kati yao wakiwa askari. Agosti 2016 askari wanne waliuawa Mbande, penye benki. Kisha ikaja Kibiti.

Lakini tuyatazame matukio hayo kwa makini. Katika yote hayo wauaji waliondoka na bunduki. Askari aliwindwa kwa ajili ya silaha aliyoishika. Tena huko Kibiti, Rufiji na Mkuranga hawakuuawa polisi peke yao. Waliuawa pia wenyeviti wa vijiji na watendaji. Hao walikuwa wahalifu wenye silaha waliomwinda kila anayesimamia utawala. Mauaji yao hayawezi kuwa kipimo cha jinsi mwananchi wa kawaida anavyomwona polisi.

Aina ya pili ya mashambulizi ndiyo tunayoiona sisi. Mwaka jana, hapa mtaani kwetu Majengo, askari alimkamata kijana wa bodaboda. Kijana aligoma kushuka, watu wakajaa, maneno yakawa makali, na jiwe likatoka nyuma likampata askari begani. Watu wale hawakuwa majambazi. Baadhi yao asubuhi hiyo hiyo walikunywa chai na askari yule benchi moja.

Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaweka pamoja kumshambulia askari aliye kazini, kumpinga na kumzuia kwa makusudi, kwa kifungo kisichozidi miaka mitano. Maana yake ni kwamba aliyerusha jiwe na aliyeng'ang'ania pikipiki yake wanaweza kuhesabiwa fungu moja. Ukiwajumlisha hao na wauaji wa Stakishari utapata idadi kubwa, lakini hutajua umehesabu nini.

Aina ya tatu ni ya vurugu za kisiasa. Siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025, watu walikufa na vituo vya polisi vilichomwa moto, hata Serikali ikaunda Tume ya kuchunguza. Dawa ya hayo si ile ya majambazi, wala si ile ya ugomvi wa mtaani.

Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba watu wameongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,083,588 katika Mkoa wa Dodoma. Ile ya 2022 ilihesabu 3,085,625. Mji ukipata watu na pikipiki zaidi, ugomvi nao utazidi hata kama tabia za watu hazikubadilika. Kwa hiyo haitoshi kuuliza matukio ni mangapi. Lazima tuulize ni mangapi kwa askari wangapi na kwa wananchi wangapi.

Upande wa pili wapo wanaosema polisi wamejitakia wenyewe. Mimi sikubaliani nao, maana hakuna kosa la askari mmoja linalohalalisha kumpiga mwingine. Lakini wasinyamazishwe, kwani wana kumbukumbu. Watuhumiwa walipokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliwajibika akajiuzulu mwaka 1977. Septemba 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Iringa, na mwaka 2016 askari aliyehusika alifungwa miaka 15. Uwajibikaji wa namna hiyo haukumdhoofisha polisi. Ulimrudishia heshima kidogo, na heshima hiyo ndiyo inayomlinda mwanangu anapokwenda doria bila mwenzake.

Kwa maana ngao ya kwanza ya askari ni mwananchi anayemwambia mapema kwamba kuna wageni porini wasioeleweka. Balozi wa nyumba kumi akiogopa kusema, kwa kuwaogopa majambazi au kwa kumwogopa polisi mwenyewe, askari anabaki kipofu hata akiwa na bunduki mbili.

Naomba basi mambo mawili. Kwanza, taarifa ya uhalifu ya kila mwaka itenge askari waliouawa, waliojeruhiwa na waliozuiwa tu kazini, na ieleze kila tukio lilikuwa la aina gani. Pili, katika ukurasa huo huo waandikwe raia waliouawa au kujeruhiwa mikononi mwa polisi. Hesabu ya upande mmoja haitaaminiwa na upande wa pili.

Hapo ndipo tutaweza kujibu swali hili bila kugombana. Hadi siku hiyo, kila mmoja wetu atahesabu wafu anaowajua, na mke wangu ataendelea kukaa uani kila simu inapokosa kupatikana.



Mzazi wa Askari,
Majengo, Dodoma.