Ndege Aliyeanguka ni Amana, Si Mateka

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, msimu wa kaskazi fukwe zetu za Kimbiji, wilayani Kigamboni, hupokea ndege waliosafiri kutoka Ulaya na Asia. Si ajabu mmoja wao kuanguka kwa uchovu, au kunaswa na mshipi wa mvuvi. Mara nyingi anayemkuta ni mtoto, naye humfunga uzi mguuni akamfanya mchezo, na sisi wazazi tukatazama na kucheka.

Amepokea Abu Dawud kwamba masahaba wakiwa safarini walichukua makinda wawili wa ndege, mama yao akaja akitandaza mbawa kwa majonzi. Mtume (s.a.w.) aliuliza ni nani aliyemhuzunisha, akaamuru arejeshewe wanawe.

Huenda mtu akahoji: mbona mtoto Abu Umayr alikuwa na ndege wake, wala Mtume (s.a.w.) hakumkemea? Ni kweli, na Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Lakini wanazuoni walioruhusu kufuga ndege wameshurutisha alishwe, anyweshwe na asiteswe. Uzi mguuni hautimizi sharti hilo. Isitoshe, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayemiliki mnyamapori, na ndege wa mwituni ni miongoni mwao.

Huruma nayo yataka elimu. Kinda aliyekwisha kuota manyoya, akiwa chini, aghalabu hakupotea. Wazazi wake wako karibu. Mwepusheni na paka, kisha mwacheni. Aliyejeruhiwa afunikwe kwa kitambaa, atiwe katika boksi lenye matundu, awekwe mahali penye giza na utulivu. Msimmiminie maji mdomoni, yasije yakaingia mapafuni, wala msimpe mkate au maziwa. Mshipi ukatwe kwa mkasi, usivutwe. Mikono ioshwe kwa sabuni, na ofisa wanyamapori wa wilaya aarifiwe. Wakikutwa wengi wamekufa pamoja, wasiguswe kabisa. Huenda ni maradhi.

Akipata nguvu, aachiwe aruke. Hapo ndipo mtoto atakapojifunza kwamba kuokoa si kumiliki. Mkono uliozoea kumtesa kiumbe asiyeweza kushitaki, kesho hautaona tabu kumdhulumu yatima.

Wabillahi tawfiq.